Antena ya waya: Kimo ndicho huamua atakayekusikia

DAIPOLI ndiyo antena nyepesi zaidi kwa mpenzi wa redio ya ridhaa kujiundia. Ni waya uliokatwa katikati, nusu zake zikavutwa pande mbili, na kebo itokayo mtamboni ikaungwa hapo katikati.

Urefu wake hupatikana kwa kugawa 143 kwa masafa ya megahezi. Kwa megahezi 7.1, katika bendi ya mita 40, jawabu ni takriban mita 20.1, yaani mita 10 na ushei kila upande. Waya wa shaba wa kutandazia umeme nyumbani watosha. Ukate mrefu kidogo, kisha upunguze pande zote sawasawa huku ukitazama kipimo cha nguvu zinazorudi mtamboni. Kupunguza ni rahisi kuliko kuunga.

Linalowatatiza wengi ni kimo. Daipoli hiyo ikiangikwa mita 5 hadi 10 kutoka ardhini, hurusha mawimbi mengi juu karibu wima. Tabaka la anga liitwalo ionosfia huyarudisha chini, yakaenea kilomita mia kadhaa kila upande. Kwa aliye Nairobi atakaye kuzungumza na Kisumu au Mombasa mchana, hicho ndicho kimo kifaacho; mlingoti mrefu ni gharama ya bure. Anayetamani kuifikia Ulaya ndiye anayehitaji kukaribia mita 20, na hilo si jambo dogo kwenye ploti ya futi 50 kwa 100.

Mwenye mti mmoja tu na ainue katikati, ncha ziteremke kama paa la nyumba. Ila zisifikiwe na watoto wala mifugo: wakati wa kurusha, volti huwa kubwa zaidi kwenye ncha, na zinaweza kuunguza.

Kabla ya kurusha lolote, sharti uwe na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Alama za wito za Kenya huanza na 5Z4.

Waya usipite juu wala chini ya nyaya za umeme, na uwe mbali nazo kiasi kwamba hata mlingoti ukianguka hautazigusa. Na kwa wakazi wa Kisii na Kakamega, ambako radi si mgeni, kebo ichomolewe mtamboni na kutolewa nje ya nyumba mawingu yangali mbali.