Jino la Pembe na Dawa ya Pengo

Wahenga wa pwani walisema: jino la pembe si dawa ya pengo. Sisi walimu huifundisha methali hii kwa maana yake ya fumbo, na ni mara chache tunaposimama kwenye maana yake ya wazi. Wazee hao walilijua jino la bandia la pembe ya ndovu, wakalipima, wakaliona limepungukiwa. Hivyo suala la kurekebisha kinywa ili tabasamu lipendeze si geni kwetu, wala halikuja pamoja na hospitali za kisasa.

Hapa Rusizi, katika nchi iliyokuwa mkoa wa Cyangugu hadi mwaka 2006, jambo hili lina sura mbili. Mtu asimamaye Kamembe huiona Bukavu ng'ambo, na kila siku wafanyabiashara huvuka mto na Kiswahili chao kinywani. Upande huu Wanyarwanda husifu inyinya, yaani mwanya katika meno ya mbele, kama pwani nako unavyosifiwa. Upande wa pili, katika bonde kubwa la Kongo, makabila mengi yaliyachonga meno ya mbele yakawa na ncha. Mbali zaidi, Wamakonde nao walichonga, na Wajaluo waling'oa meno sita ya chini. Mwanya ni majaliwa. Kuchonga na kung'oa ni kazi ya mkono. Lakini yote yalisema jambo moja: huyu ni wetu.

Alama hiyo ikiondolewa kwao, husomwaje? Historia ya Ota Benga yatujibu. Kijana huyu wa Kongo, mwenye meno yaliyochongwa, alipelekwa Marekani na Samuel Verner, akaonyeshwa katika Maonyesho ya St. Louis ya mwaka 1904. Septemba 1906 aliwekwa katika bustani ya wanyama ya Bronx, mjini New York, ndani ya kizimba kimoja na nyani mkubwa. Meno yaliyokuwa pambo kwao yakatangazwa kuwa ushahidi wa ushenzi. Wachungaji Weusi, wakiongozwa na James Gordon, walipinga hadi akatolewa. Baadaye, huko Lynchburg, Virginia, meno yake yalifunikwa ili yafanane na ya wengine. Waliofanya hivyo walimtakia mema. Hata hivyo hamu ya kurudi kwao haikufunikika, na vita vya 1914 vikazidi kuifunga njia. Tarehe 20 Machi 1916 alijiua kwa bastola. Husimuliwa kwamba kwanza aliyavunja yale mafuniko.

Tukiwa na kumbukumbu hiyo, natupime njia za leo. Kung'arisha kwa dawa huondoa madoa ya chai na tumbaku, lakini hakubadili rangi ya jino la bandia, na michirizi ya kahawia iletwayo na maji yenye floraidi nyingi, kama ya sehemu za Arusha, haiondoki kwa urahisi. Nyaya za kunyoosha meno huchukua miezi mingi, pengine miaka miwili, na gharama yake ni kubwa. Lakini meno hubaki mazima. Vigae vyembamba vya kauri hugandishwa mbele ya jino na kulipendeza upesi, ila mara nyingi daktari hulikwangua kwanza tabaka la nje, nalo halioti tena. Miaka ikipita, kigae huhitaji kubadilishwa. Hapo patasi ya zamani na mashine ya sasa zimekutana: kilichotolewa hakirudi.

Simkatazi mtu kujipamba. Aliyepoteza meno ya kutafunia ana haja ya meno ya bandia, na hiyo ni tiba. Aonaye haya kucheka mbele ya wenzake ana haja pia, wala tusimdharau. Lakini mwanafunzi wa Kamembe atakaye kuuziba mwanya wake kwa sababu ameona picha za ng'ambo, kwanza na aulizwe: ni nani aliyemwambia kwamba hilo ni pengo? Bibi yake angeliita uzuri. Akishajibu, uamuzi ni wake, maana kinywa ni chake.

Ota Benga hakuulizwa.