Statini na Dawa za Kukojosha

Statini hupunguza lehemu kwenye damu. Dawa za kukojosha, kama haidroklorothiazidi na furosemidi, hutoa chumvi na maji mwilini. Wagonjwa wengi wa presha na moyo hutumia zote mbili, na kwa kawaida haziingiliani moja kwa moja. Ugomvi huletwa na mtu wa tatu, yaani kitu kingine kinachoingia kati.

Historia

Mjapani Akira Endo alipata statini ya kwanza kwenye kuvu miaka ya 1970. Thiazidi, kundi la haidroklorothiazidi, zilianza kuuzwa 1958.

Mwingiliano

Thiazidi hupandisha lehemu na sukari kidogo, na statini nazo zinaweza kupandisha sukari. Kwa wengi hilo si tishio.

La kuangaliwa ni misuli. Furosemidi na thiazidi huufanya mwili upoteze potasiamu, na ikishuka sana misuli hulegea. Statini nayo, kwa nadra, huivunja misuli. Mabaki yake huziba figo na mkojo huwa mweusi kama Coca-Cola. Mgonjwa akilalamika mapaja yanauma, kipimo cha damu ndicho kitakachoonyesha chanzo, si kukisia. Mwili uliokauka maji huzidisha hatari. Kwa sababu ya hatari hiyohiyo ya misuli, wanaotumia dawa za VVU (ARV) zenye ritonavir hawapaswi kabisa kupewa simvastatini.

Utafiti wa TIPS-3, uliochapishwa 2020 na kuhusisha watu 5,713, Watanzania wakiwamo, ulijaribu kidonge kimoja chenye simvastatini, haidroklorothiazidi na dawa nyingine mbili za presha. Kikiambatana na aspirini, matukio ya moyo na kiharusi yalipungua kwa asilimia 31. Kizunguzungu na presha kushuka viliongezeka.

Dzaleka na Lilongwe

Hatari ya kukauka maji huonekana wazi penye msongamano, kama kambi ya wakimbizi ya Dzaleka nchini Malawi. Kambi hiyo, wilayani Dowa, kilomita 45 hivi kutoka Lilongwe, ilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wa Rais Kamuzu Banda kabla ya kupokea wakimbizi 1994. Ilipangiwa watu wapatao 10,000; leo inabeba zaidi ya 50,000, wengi Wakongomani, Warundi na Wanyarwanda. Kituo chake cha afya huhudumia pia wanavijiji jirani, na kesi nzito hupelekwa Dowa au Hospitali Kuu ya Kamuzu, Lilongwe.

Katika msongamano kama huo, mtu wa tatu ni kuhara. Kipindupindu cha 2022–2023, kikubwa kuliko vyote katika historia ya Malawi, kiliua zaidi ya watu 1,700. Anayehara huku akiendelea kumeza kidonge cha kukojosha kila asubuhi hukauka upesi zaidi. Amwulize mhudumu wa afya mara moja kama asimamishe kwa muda.

Hali ya sasa

Mwaka 2023 WHO liliingiza vidonge mseto kwenye orodha ya dawa muhimu, kimojawapo kikiwa na simvastatini na haidroklorothiazidi pamoja.