Mama, Mwana na Urithi: Funzo la Kingo Mbili za Mto Kongo

Neno «urithi» katika Kiswahili hubeba mambo mengi: shamba, cheo, sura ya uso, hata maradhi. Upana huo ni utajiri wa lugha, lakini pia una hatari zake. Ni nani katika mji wetu wa Kisangani asiyemjua mama aliyerudishwa kwao kwa kuwa «ukoo wake una ugonjwa wa damu»? Makala haya yanakusudia kutenganisha aina mbili za urithi, kwa kufuata historia ya tafiti mbili zinazoihusu nchi yetu.

Anayevuka mto kutoka katikati ya mji hadi Lubunga huvuka pia mpaka wa viumbe. Misitu ya ukingo wa kulia ni makao ya sokwe. Ile ya ukingo wa kushoto ni makao ya bonobo, ambaye haonekani porini popote duniani ila nchini Kongo. Wenyeji walimjua tangu zamani. Wataalamu wa Ulaya walichelewa. Mwaka 1929 Ernst Schwarz alimtambua kwa kuchunguza fuvu lililohifadhiwa Tervuren, Ubelgiji, akamhesabu kuwa tawi la sokwe. Mwaka 1933 Harold Coolidge alithibitisha kwamba ni spishi ya pekee.

Lakini fuvu halisemi lolote kuhusu jamii. Mwaka 1973 Takayoshi Kano, Mjapani, alizunguka misitu hiyo kwa baisikeli, na mwaka uliofuata utafiti ukaanza Wamba, kwa Wabongando, ambao mila yao inakataza kumla bonobo. Watafiti na wenyeji walimpa kila mnyama jina na kuandika nani ni mwana wa nani, kama walivyofanya wenzao wanaowafuata pomboo wa Sarasota, Marekani, tangu mwaka 1970. Vita vya mwaka 1996 vilikatiza kazi hiyo. Ilipoanza tena mwanzoni mwa miaka ya 2000, baadhi ya makundi yalikuwa yametoweka.

Subira hiyo ilizaa matunda. Ilidhihirika kwamba binti wa bonobo huhama kundi lake, ilhali mwana wa kiume hubaki karibu na mama yake, na nafasi yake hutegemea sana nafasi ya mama. Utafiti wa mwaka 2019, uliounganisha habari za vituo kadhaa, ulionyesha kwamba dume ambaye mama yake yu hai kundini ana uwezekano wa kuzaa watoto takriban mara tatu zaidi ya asiye na mama. Huo ni urithi wa malezi, nao hutoka kwa mama.

Urithi wa pili ni wa damu. Selimundu, tunaoufahamu zaidi kwa herufi «SS», ulielezwa na tabibu James Herrick wa Chicago mwaka 1910. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba kasoro imo katika himoglobini yenyewe. Mwaka huo huo James Neel alithibitisha kwamba mgonjwa huipokea kutoka kwa wazazi wote wawili. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alieleza kwa nini hali hii imeenea kwetu: mwenye «AS» hukingwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali. Kati ya watoto wachanga 31,204 waliopimwa Kinshasa, kwa mujibu wa matokeo ya mwaka 2009, 1.4% walikuwa SS na 16.9% walikuwa AS.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Wazazi wote wawili wakiwa AS, katika kila mimba kuna uwezekano wa robo kupata mtoto SS. Baba ametoa nusu, mama ametoa nusu. Anayemfukuza mke wake kwa sababu hiyo anamhukumu kwa kosa lisilokuwapo, na sehemu yake mwenyewe anaificha.

Sisi tunaofundisha lugha hatuna budi kusaidia hapa. Tuseme «urithi wa malezi» na «urithi wa damu», tusivichanganye. Na kabla ya ndoa, tuwahimize vijana wetu wapimwe damu, bwana harusi na bibi harusi pia.