Breki za Ford za 1939, na ngoma niliyoharibu Kadutu

Leo siongei juu ya wafalme wala vita. Naongea juu ya breki za nyuma za gari za zamani, zile za ngoma, njo tambour kama tunavyosema mu garaji. Historia yake ni ndefu, na mimi nilianza kuitafuta juu ya kosa langu mwenyewe.

Wakati wa stage yangu ya G3 nilikuwa mu garaji moja ndogo pa Kadutu, Bukavu. Ikaletwa kamioneti moja ya kizee ya kubeba makala, ngoma ya nyuma ya kushoto imepasuka. Pièce mpya hakuna. Papa mwenye garaji akazunguka nyuma ya nyumba, kwenye ponti ya gari ingine iliyokufa zamani, akatoa ngoma pamoja na mataya yake (zile mâchoires), akaniambia: "Mwana, funga." Vitabu vinasema ubadilishe pande zote mbili, mfuko wa mwenye gari ulisema upande mmoja.

Boliti ziliingia zote. Nilifurahi sana. Taya moja lilikuwa na garniture ndefu, lingine fupi. Nikajifikirisha sawa ingénieur: taya la mbele njo linafanya kazi nyingi, basi refu liende mbele. Nikafunga, nikanawa mikono.

Wiki tatu kisha, chofa akarudi. Asema kila akishuka na mzigo, gurudumu linalia kama linasaga mawe. Tukafungua. Garniture fupi ilikuwa imekwisha mpaka kwenye riveti, na riveti zilikuwa zimechimba mifereji ndani ya ngoma. Ngoma ingine ya namna ile hatukuwa nayo. Papa hakupiga kelele. Aliniuliza tu: "Nani alikuambia refu inaenda mbele?" Nilikosa jibu, na mtu wa tatu pale alikuwa chofa, aliyekuwa ameshuka mlima na ile gari akiwa na watu juu ya magunia.

Jibu nililipata nikisoma juu ya Ford.

Henry Ford alichelewa sana kwa breki. Malcolm Loughead, mmoja wa ndugu ambao jina lao lilikuja kuandikwa Lockheed, alikuwa amekwisha kutengeneza breki zinazosukumwa na mafuta ndani ya mirija. Duesenberg iliziweka kwenye magurudumu yote 4 mwaka wa 1921, Chrysler ikafuata 1924, Plymouth ilizaliwa nazo 1928, Chevrolet ikaingia 1936. Ford yeye alibaki na vyuma vya kuvuta, kutoka pedali mpaka gurudumu, na alifanya hiyo kuwa matangazo: chuma hakivuji. Ni kweli, chuma hakivuji. Lakini fimbo 4 za chuma zinatakiwa kuvuta sawasawa, na barabara mbaya inazipotosha moja moja. Kwa maoni yangu ilikuwa kiburi zaidi kuliko ufundi. Mwishowe, kwenye modeli za 1939, Ford naye akaweka mafuta.

Sasa njo utamu unaanza. Kusini mwa California kulikuwa vijana wengi waliokuwa wananunua Ford za zamani kwa bei ya chini, hasa Model A (iliyotoka mwisho wa 1927) na ile ya V8 ya 1932. Walizipunguza uzito, wakaziongezea nguvu, wakaenda kushindana kwenye maziwa makavu kama Muroc. Chama chao cha SCTA kilianzishwa 1937. Injini zilikimbia. Kusimama ilikuwa habari ingine, juu breki zilikuwa bado za fimbo.

Kumbe Ford, ambaye hakupenda kubadilisha vitu, alikuwa amewapa zawadi bila kujua. Ponti yake ya nyuma, kuanzia Model A mpaka gari za 1948, ilibaki na umbo karibu moja: mwisho wa mhimili umechongwa kama koni, na kipande kidogo cha chuma kinachozuia ngoma isizunguke peke yake. Na ile sahani ya chuma inayobeba mataya, boliti zake zinakutana na za ponti ya zamani. Kwa hiyo kijana alikuwa anaenda kwenye uwanja wa gari zilizogongana, anatafuta Ford ya 1940 na kuendelea, anavuta ngoma kwa chombo chake maalumu (ukipiga nyundo kwenye mhimili ule, utaharibu vingine ndani), anachukua sahani, mataya na silinda, anaenda kufunga kwenye gari ya mwaka wa 1929. Mbele kulikuwa kazi ya kukwangua tundu na kuongeza pete. Nyuma ilikuwa rahisi zaidi.

Mbona 1940, si 1939? Juu ya magurudumu. Kuanzia 1936 mpaka 1939 boliti 5 za gurudumu zilikuwa zimepanuka sana, kwenye duara la inchi 10 na robo. Mwaka wa 1940 zilirudi kwenye inchi 5 na nusu, kipimo kile kile cha Model A. Lakini pedali za 1939 walizipenda, kwa sababu zilikuja pamoja na mahali pa kufungia silinda kuu.

Vita ikaingia, kutoka Februari 1942 Amerika haikutengeneza tena gari za raia, na hapo kila kipande cha gari iliyokufa kilipata thamani. Sisi Wakongo hiyo hatuhitaji kufundishwa. Wengine walipanda hatua ya juu: breki za Lincoln, aina ya Bendix. Ngoma inchi 12 kama ya Ford, lakini mataya mapana zaidi na akili tofauti ndani.

Hapo njo nilikamatwa. Kwenye breki ya Lockheed ya Ford, kila taya limefungwa chini kivyake. Gari ikienda mbele, mzunguko wa ngoma unavuta taya la mbele lishike zaidi, unasukuma la nyuma liachie. Kazi iko mbele. Garniture ndefu inaenda mbele. Kwenye Bendix, mataya hayajafungwa chini. Yanashikana yenyewe kwa yenyewe. La mbele likishika ngoma, linabebwa kidogo na mzunguko, linasukuma la nyuma, nalo linakwama kwenye msumari wa juu na kushika kwa nguvu nyingi. Kazi iko nyuma. Ndefu inaenda nyuma.

Macho hayaoni tofauti hiyo kwa haraka. Ngoma duara, mataya mawili, silinda juu. Kamioneti ya makala ilikuwa ya namna ya Bendix, na mimi niliifunga kama Ford ya 1939. Boliti zilikubali, nikaamini boliti.

Kampuni ya Ford ilifunga ule mlango kwenye gari zake za 1949: shasi mpya, ponti mpya, na breki aina ya Bendix. Gazeti la Hot Rod lilikuwa limeanza Januari 1948, kwa hiyo wale waliokuwa wanasikia tu mbinu hizi kwa midomo walianza kuzisoma.

Jambo moja wale vijana hawakulijua, na mu garaji zetu bado watu wanalifanya: kupuliza vumbi la ngoma kwa hewa. Garniture za zamani ziko na amianti. Lowesha kwanza, kisha ufute na kitambaa.

Siku ile Papa alichukua chaki, akanionyesha anachofanya kila mara kabla ya kufungua breki ambayo haijui: anaandika kwenye kila taya M au N, mbele au nyuma, na mshale wa mzunguko kwenye sahani. Anafungua upande mmoja tu. Mwingine anauacha mzima mpaka kazi iishe, wa kuangalia. Ngoma yangu yenye mifereji iliwekwa miguu mitatu, ikawa mbabula ya kuchomea mahindi pale mlangoni. Kila nikipita, Papa alikuwa ananikaribisha mbele ya wateja: "Ingénieur, njoo ukule, ni wewe uliyetupatia mbabula."