Foleni ya Kanduyi

Nilianza kubeba watu Kanduyi, nje kidogo ya mji wa Bungoma, kwa baiskeli ya Black Mamba niliyoitia mto wa sponji kwenye karia. Kazi hiyo tuliirithi kutoka Busia, ambako tangu miaka ya 1960 vijana walivusha watu na mizigo mpakani kwa baiskeli. Sisi tukaifikisha Chwele, Sang'alo na Mateka.

Steji yetu ilikuwa na foleni. Aliyefika kwanza ndiye aliyebeba kwanza, na abiria akikutaka wewe kabla ya zamu yako, ulimwelekeza kwa aliyekutangulia. Pampu ilikuwa moja, ya wote. Jioni tulichanga, na mchango ukikufikia ulinunua tairi au ulilipa karo. Tena mzee wa steji akinusa pombe kinywani mwako, hukubeba mtu siku hiyo. Nani angembishia? Sote tulikula kwa nguvu za mapaja, na sote tulijua mwenzetu ni mtoto wa nani.

Mwaka 2008 serikali iliondoa VAT kwenye pikipiki ndogo, zile zisizofika cc 250. Boxer na TVS za India zikajaa, pamoja na za Uchina. Mwaka uliofuata kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kikafungwa Webuye, na wanaume waliozoea mshahara wa mwisho wa mwezi wakaja steji kutafuta riziki.

Wakati huo nilikuwa nimehamia Kitale. Pikipiki nyingi hazikuwa za walioziendesha. Mwenyewe alikuwa mwalimu, askari au mwenye duka, naye alitaka hesabu yake kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe. Baadaye ikaja mikopo ya kulipa kila siku kwa simu; ukichelewa, pikipiki inachukuliwa. Mtu anayedaiwa hivyo hawezi kungoja zamu. Atamkimbilia abiria anaposhuka kwenye matatu, atamvuta mkoba, atamkatiza mwenzake njia. Foleni ikavunjika.

Wazee wenzangu husema udugu umekwisha. Sikubaliani nao. Mwendeshaji akifa barabarani, tunafunga matawi kwenye usukani na kumsindikiza kwa honi hadi kwao, iwe Endebess au Kimilili, na mchango wetu humfikia mjane mapema. Naheshimu sana jambo hilo. Lakini gari likimgusa mmoja wetu, umati ule ule hufika kabla ya polisi, na dereva hupigwa kabla ya kuulizwa lolote. Machi 2022, waendeshaji walipomshambulia mwanamke aliyekuwa akiendesha gari Forest Road, Nairobi, Rais Uhuru Kenyatta aliamuru msako wa nchi nzima. Aibu ile ilitufikia hata sisi wa Kitale.

Kwangu mimi, chanzo cha vurugu hizi ni kuvunjika kwa foleni. Kwenye foleni ndipo tulipojuana na kuonyana. Leo kijana hufanya kazi steji miezi mingi bila yeyote kumjua jina, kisha anakutana na wenzake kwenye mazishi au kwenye vurugu.

Wenyeviti wa steji za Kitale na Bungoma, andikeni majina ya watu wenu. Rudisheni zamu. Na yeyote atakayeinua mkono kumpiga dereva au kumshika abiria, mwondoeni steji siku hiyo hiyo, hata akiwa mtoto wa ndugu yenu.