Kabla ya Selfi Yako ya Karura, Kuna Mtu Alimwaga Damu

Wasee, tuseme ukweli. Wengi wetu tukienda Karura ni picha moja pale kwenye maporomoko, baiskeli kidogo, halafu tunarudi mtaani. Hata mimi nilikuwa hivyo. Mwaka nilioacha chuo sikuwa na doo wala mpango, nikawa natembea kwa zile njia za msitu ndiyo kichwa kitulie. Siku moja nikajiuliza: mbona hapa hakuna maghorofa?

Si bahati.

Karura ilitangazwa msitu wa serikali mwaka 1932. Ni kama hekta 1,000, na majirani zake ni Muthaiga, Runda na Gigiri. Piga hesabu ya bei ya ploti hapo. Miaka ya 90, vipande vya msitu viligawiwa watu binafsi kimyakimya ili wajenge nyumba za kifahari. Wangari Maathai na Green Belt Movement walipojua, mwaka 1998 wakaanza kuingia na miche.

Tarehe 8 Januari 1999 walienda kupanda miti, wakavamiwa na genge la wanaume. Mama akapasuliwa kichwa. Akaenda polisi na kutia sahihi taarifa yake kwa damu yake mwenyewe. Wanafunzi wa vyuo vikuu wakaingia barabarani, watu wa rika letu kabisa, wakakula virungu kwa sababu ya miti. Agosti mwaka huohuo, Rais Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma.

Hata hapo kazi haikuisha. Kwa miaka mingi watu waliogopa Karura kwa sababu ya majambazi. Ilibidi wakaaji wa karibu na Huduma ya Misitu washirikiane kuweka ua, na vijana wa mitaa jirani waajiriwe kuulinda msitu. Mwaka 2011 ukafunguliwa rasmi kwa umma. Leo una zaidi ya kilomita 50 za njia.

Sasa, we wa Mathare usiseme huo ni msitu wa mababi. Mto Gitathuru unapita Karura, halafu unashuka hadi kwenu. Mvua ikinyesha msituni, majani yanaivunja nguvu, mizizi inashika udongo, na maji yanazama ardhini polepole. Ikinyesha juu ya lami na mabati, yote yanakimbilia mtoni kwa wakati mmoja, na takataka juu. Mafuriko ya Aprili 2024 tuliyaona wenyewe. Karura haikuweza kuyazuia peke yake, kwa sababu huku chini kingo za mito tumezijenga hadi majini.

Mimi cheti sina, lakini hili somo nimelielewa: ardhi ya umma hubaki ya umma pale tu watu wanapoikatalia. Kwa hivyo ukiona mabati yamezungushwa kwa uwanja wenu au kando ya mto, usipite tu. Uliza ni ya nani. Uliza kwa sauti, na usiende peke yako.