Karatasi za 1932 na Disketi za 1991

Dhahabu ilipopatikana Kakamega mwaka 1931, wageni walimiminika na vyombo vyao vya kuchimbia, na wenyeji wakaingiwa na hofu juu ya mashamba yao. Hofu hiyo haikuwa ya bure. Sheria ya mwaka 1930 iliahidi kwamba ardhi ya wenyeji ikitwaliwa, watapewa nyingine badala yake. Lakini mwezi wa Desemba 1932 sheria hiyo iligeuzwa, ikawa ardhi yaweza kutwaliwa kwa machimbo pasipo kutolewa ardhi ya badala. Mambo haya hayana ubishi leo. Yaliandikwa katika barua, na katika ushahidi uliotolewa mbele ya Tume ya Ardhi, ambao ulipigwa chapa mwaka 1934. Waliosema wamekwisha kufa, na machimbo ya Rosterman yalifungwa mwaka 1952, lakini karatasi zingali zikisema. Hazimdai msomaji ila macho na elimu ya kusoma.

Sasa tutazame mwaka ulio karibu zaidi nasi. Katika ofisi ya chama kimoja cha wakulima mjini Kakamega nilionyeshwa mkebe wa biskuti uliojaa disketi, na kando yake kompyuta kuukuu iliyofunikwa gunia. Juu ya disketi mojawapo pameandikwa kwa kalamu: Hisa za Wanachama, 1991. Daftari la karatasi la mwaka huo halikuwapo. Lilitupwa kwa kuwa mashine ilidhaniwa kuwa mlinzi bora. Wazee walikuwa wakifika na kudai haki zao, na hapakuwa na mtu aliyeweza kuwakubalia wala kuwakatalia.

Disketi si chombo cha kale sana. Kampuni ya IBM ilitoa ya kwanza mwaka 1971, pana kama sahani, inchi 8. Ile ndogo ya inchi 3.5, yenye gamba gumu, ilibuniwa na Sony mwaka 1981. Ndani ya gamba mna duara jembamba la plastiki lililopakwa unga wa sumaku, na kila herufi huwekwa humo kwa kugeuza pande za sumaku katika njia za mviringo, njia 80 kila upande. Kichwa cha kusomea huligusa duara lenyewe. Hapa ndipo balaa lilipo. Kakamega hupata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na unyevu huotesha kuvu. Disketi yenye kuvu ikizungushwa kwa pupa, kichwa hukwangua kuvu na sumaku pamoja, na kilichokwanguliwa hakirudi tena.

Kwa hiyo anayetaka kuifufua mashine ya namna hii hana budi kuzuia mkono wake usiwashe umeme. Kwanza huifungua na kuitazama betri iliyo juu ya bodi, maana betri kuukuu huvuja na kuzila nyaya. Kisha hukipima kipoza umeme, akasafisha vichwa kwa pamba na spiriti. Disketi nazo husafishwa moja moja. Ikisha kuzunguka salama, hainakiliwi faili moja moja, bali hunakiliwa nzima, pamoja na sehemu zilizoharibika, na kazi yote ya baadaye hufanywa juu ya nakala hiyo.

Wala kusoma sumaku si mwisho wa safari. Mwaka 1985 mchoraji wa Marekani Andy Warhol alichora picha kwa kompyuta ya Amiga, akazihifadhi katika disketi. Alikufa mwaka 1987, na disketi zikakaa katika jumba la makumbusho huko Pittsburgh. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walipozinakili, waliona kwamba baadhi ya picha hazikufunguka kwa programu yoyote iliyojulikana, kwa sababu ziliandikwa kwa programu ambayo haijakamilika. Iliwapasa kuufumbua mpangilio wake wenyewe, na picha zikatangazwa mwaka 2014. Herufi zilikuwapo, lugha ndiyo iliyokuwa imekufa.

Sisi hatukuwa na chuo kikuu cha kutufumbulia, basi tulimtafuta karani aliyezijaza disketi zile. Tulimkuta nyumbani kwake, mstaafu, akipukuchua mahindi. Alilikumbuka jina la programu, na baada ya kufikiri kidogo akalikumbuka na neno la siri, ambalo lilikuwa jina la ng'ombe wake. Nadhani bila mzee huyu kazi yetu yote ya pamba na spiriti ingekuwa mchezo.

Disketi nyingi zilisomeka. Ile ya hisa ilikuwa na kuvu ukingoni, ikatoa orodha hadi herufi ya N, kisha ikanyamaza. Wale ambao majina yao huanza kwa O na kwa W, nao katika nchi hii ni wengi, hawakuonekana humo.